Nguruwe Niliyemwacha Bondeni

Mwanangu Odilia,

Mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya kulisha harusi nzima. Sweta, dawa, namba za shangazi zako na mengine yote ya safari atakuambia yeye kesho asubuhi, mara tatu tatu kama kawaida yake, na mimi sina la kuongeza huko. Nimekaa sebuleni, mlango wazi, naangalia bonde. Umeshuka kwenda kumuaga Mama Yusta, na kwa kuwa kwake hujawahi kutoka bila kula, najua nina muda wa kuandika kabla jua halijazama.

Usinicheke mwandiko. Mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa ile ya kukuombea ruhusa shuleni ulipougua surua, na mwalimu wako aliirudisha akiuliza anayeumwa ni mtoto au ni baba. Lakini jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umefungia kuku.

Naogopa, mama. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi, na leo nalihitaji jina hilo, maana kuna mambo ambayo ningeweza kumwambia yeye tu. Naogopa kazi hiyo ya kamera unayokwenda kuifanya, namwogopa mtu unayekwenda kuifanya naye, na zaidi ya yote naogopa uso wako ukishamaliza kusoma hapa. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza kuruka ruka nitapata pa kujificha.

Jumapili ile Erasto, bosi wako mpya, alipokuja kujitambulisha, kusema kweli nilimpenda. Nilidhani mtu mwenye vipindi vya porini vinavyotazamwa mtandaoni na watu wote hao angeingia na miwani nyeusi na maringo. Aliinama, akatuamkia shikamoo mzee, shikamoo mama, akatoa sukari na sabuni, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta vumbi. Akasema ile video ya uwindaji tuliyoifanya mimi na wewe ameirudia mara nyingi, na kwamba hajaona mtu anayempiga picha mwindaji na mnyama kwa heshima namna ile. Nikavimba kichwa kana kwamba kamera ilikuwa yangu.

Baadaye simu yake ikaita, akaomba radhi, akatoka nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimetangulia huko kwenye migomba, nakata mkungu wa kumpa aondoke nao. Hakuniona.

"Yule bado yuko hai?" aliuliza. "Basi mpeni maji tu. Chakula kidogo. Asife kabla binti hajafika na kamera yake. Tutamfungulia hapo hapo Nyamigogo, kwenye kile kichaka, halafu mbwa waanze." Akasikiliza kidogo. "Hapana, mguu wa nyuma mfungeni kabisa mpaka siku yenyewe, uwe mzito. Yule wa kwanza si alitukimbia, tukabaki tunapiga picha majani?"

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililonitia baridi. Kilikuwa kicheko cha mtu anayepanga kazi yake ya kesho.

Nilisimama pale na panga mkononi, mkungu umenilalia begani, utomvu unachuruzika kwenye shati langu la kanisani, lile ambalo mama yako amelisugua wiki nzima na bado ananisema. Kisha nilirudi ndani, nikampa Erasto mkungu wake, nikamshika mkono, nikamwambia karibu tena.

Unanijua. Mimi ndiye niliyegombana na mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ya mfereji, nikagombana na padri kwa sababu ya kengele. Si mtu wa kumeza neno. Ulipomsindikiza Erasto hadi kwenye gari, ukarudi unarukaruka, ukaniuliza "Baba, umemwonaje?" nikajibu "Mtu mzuri," na nikaona jinsi ulivyofurahi. Nilinyamaza kwa sababu mdomo wangu ulishafungwa tangu msimu uliopita wa maharage, na aliyeufunga ni mimi mwenyewe.

Kwetu mwenye mkuki wa kwanza ndiye mwenye mnyama. Umenisikia nikisema hivyo kwenye video, na watu wengi waliotazama walidhani ni habari ya nyama, nani apewe paja na nani apewe shingo. Hiyo ipo. Lakini babu yako Barnaba alikuwa anaisema kwa upande wake mwingine. Mnyama akikimbia na mkuki wako mwilini, alisema, huyo ni wako, mfuate. Mvua ni yako, miiba ni yako, giza ni lako, na usirudi nyumbani mpaka maumivu yale uliyoyaanzisha yameisha.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita nilipomrushia mkuki pongo, dume zuri, mapema mno, kwa sababu wenzangu walikuwa wanaangalia. Mkuki ulimpata tumboni. Babu yako hakunifokea. Alifunga mkanda tu, akaanza kutembea nyuma yangu, na siku mbili nzima hakunisemesha. Tulivuka vilima, tukateremka upande wa mto Ruvubu, tukala mihogo mibichi ya kuomba. Tulipomkuta alikuwa bado anahema. Nilipommaliza, babu yako akaniambia maneno mawili tu, "Umeona sasa." Tuliporudi alinisimamisha mbele ya wawindaji wote nieleze kosa langu lilikuwa nini. Nilieleza nikilia makamasi. Nikajiapia kwamba sitarudia.

Nilirudia, mama. Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, watu hawakuhesabika, na kila mwenye kitu cha kula alikuwa na mteja. Mimi nilikuwa na nyama ya porini. Mbwa na mikuki vilikuwa vinachelewesha, nikaanza kutega waya. Waya hauna mwenye mkuki wa kwanza. Unaufunga kwenye njia ya mnyama, unaondoka, na linalotokea huko nyuma halikuhusu mpaka utakapopita tena, na siku nyingine hupiti. Nilitega mingi mpaka mingine nikasahau nilikoiweka. Siku moja nilimkuta funo, yule swala mdogo, ambaye mguu ulibaki mfupa. Alikuwa hai. Alinitazama, nami nikafanya lililobaki kufanywa, nikampeleka Benaco, na kesho yake nikarudi kutega, maana walikuwa wananisubiri.

Nakueleza haya ili usidhani Erasto ametoka kwa watu wa aina nyingine. Namjua Erasto. Nimewahi kuwa yeye, bila gari.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Unaikumbuka vizuri kuliko mimi, au unadhani unaikumbuka. Nguruwe pori walikuwa wamemaliza mihogo ya watu, kijiji kikapata ruhusa wawindwe mashambani, na wewe ukaja na simu yako na kile kijiti chake, ukasema, "Baba, hii ndiyo nafasi yetu. Watu wamechoka na video za wanyama wanaochezewa. Tuwaonyeshe uwindaji wenye adabu." Nilikutazama nikajiona nimezaa mtu. Mambo ya babu yako, ambayo kaka zako waliyakimbia, wewe mtoto wa kike ndiye uliyeyauliza.

Ukaniweka kwenye mwanga mzuri, pembeni ya shamba, mbwa Bomu miguuni na kengele yake ya mti shingoni. Ukasema nianze kueleza. Nikaeleza. Nilisema, na mpaka leo sauti yangu iko humo, kwamba kwetu mnyama haachwi na maumivu, na kwamba tangu ujana wangu sijaacha hata mmoja. Uliniangalia kwa macho yale. Ningewezaje kuanza habari za Benaco mbele ya macho yale?

Nguruwe akatoka. Nikarusha. Goti hili la kushoto lilinisaliti, mkuki ukashuka, ukampata begani, mti wa mkuki ukakatika, naye akaingia bondeni na chuma mwilini, Bomu akimfuata. Wewe ulipiga kelele ya furaha. Ukasema picha imetoka safi sana. Nikakuambia urudi nyumbani, mimi namfuata nimmalize, maana mahali pale ni pabaya kwa mtu mwenye kamera. Ukaondoka unanipungia mkono.

Nilishuka mpaka kwenye yale mafunjo. Wingu lilikuwa limekaza, matone yameanza. Bomu alirudi mkia ameufyata, ubavu umechanwa. Nikamsikia nguruwe humo ndani, karibu kabisa, anavuta pumzi kwa kukoroma, na mafunjo yanatikisika. Mkononi nilikuwa na kipande cha mti na panga.

Odilia, niliogopa. Sina namna nzuri ya kuliandika. Nilisimama pale, mvua ikanilowesha, na miguu ikakataa. Nikajiambia atakufa mwenyewe usiku. Nikajiambia nina miaka hamsini na kitu na goti bovu na mke. Yote yalikuwa kweli. Ningeweza kurudi kijijini nikasema jamani, kuna nguruwe mwenye jeraha bondeni, mimi peke yangu simuwezi, twendeni kumi. Wangekuja. Ndivyo inavyofanywa, hata babu yako aliwahi kuita watu. Lakini wewe ulikuwa nyumbani unanisubiri na simu yenye maneno yangu ndani, na kuita watu maana yake ningeitwa mwongo kabla video haijatoka.

Nikapanda upande wa pili, nikaenda kwa yule muuza kitimoto, nikanunua nyama ya nguruwe wa kufugwa, nikaileta nyumbani kwenye gunia. Ukaniuliza, "Mbona umeshamchuna, Baba?" Nikakujibu kwamba nimemchunia hukohuko kwa sababu ya mvua. Ukanipiga picha nikiipika. Mama yako akala, akasema nguruwe pori wa siku hizi wamelainika. Nilikaribia kupaliwa.

Ile video ilikwenda ilikokwenda. Ulikuwa unanisomea maoni ya watu jioni, huyu mzee ana utu, huyu mzee afundishe vijana, na mimi nilikuwa nacheka nawe huku masikio yangu yako bondeni.

Siku ya nne Mama Yusta alishuka kupalilia maharage yake.

Sitakueleza uliyoyaona, ulikuwepo. Nitakueleza usiyoyaona. Kelele ziliposikika mimi ndiye niliyekimbia wa kwanza, na goti halikuniuma hata kidogo, goti lile lile. Vijana waliokuwa mashambani walikuwa wameshammaliza nguruwe kwa mapanga. Mama Yusta amelala kwenye tuta, kitenge kimekuwa cheusi kwa damu, anaita jina la Yusta wake. Wote waliinama kwake, wakaanza kutengeneza machela. Mimi niliinama kwa nguruwe. Bega lilikuwa limevimba na limeoza, linanuka, na katikati yake niliona chuma changu. Nikakichomoa kwa mikono yote miwili. Nikakitumbukiza kwenye buti la mpira nililovaa, nikakusanya watu wa kubeba machela, nikashika mti wa mbele. Nilimbeba Mama Yusta mpaka barabarani na chuma kile kinanikata kifundo cha mguu kila hatua, na watu wakasema, tazama huyu mzee anavyochechemea na bado hataki kupokewa machela.

Jioni ulinijia ukiwa na simu yako. Macho yako hayapitwi na kitu. Ukasema, "Baba, yule nguruwe alikuwa na jeraha la zamani begani. Nani kamjeruhi?" Nikakujibu, "Labda watu wa ng'ambo ya mto, wale hutega ovyo." Ukaamini. Ukaandika hivyo chini ya video yako ya pili, kwamba haya ndiyo madhara ya watu wasiofuata adabu ya uwindaji, na watu wengi wakawalaani wale wa ng'ambo. Nilitaka kukuambia ufute. Nilikuuliza kama umefungia kuku.

Mwanamke huyo, Odilia, alikunyonyesha. Umesikia habari hiyo kama watoto wanavyosikia habari za zamani, nusu nusu. Mama yako baada ya kukuzaa alilazwa wiki sita, na Yusta alikuwa mchanga, na Mama Yusta alikuwa anapanda kilima hiki asubuhi na jioni, mtoto wake mgongoni, anakaa hapa nilipokaa mimi sasa, wewe titi hili na Yusta titi lile. Sasa anatembea kwa fimbo na hawezi kuinama kushika jembe. Kila nikienda kumlimia ananiombea baraka. Nalima mpaka mikono inatoka malengelenge, na ananiambia, "Baba Odiria, Mungu akuzidishie, jirani kama wewe hakuna." Unajua anavyoliita jina lako. Jembe huwa linanielemea.

Chuma kiko kwenye kopo la misumari juu ya kabati. Sikukitupa. Nilikwenda nacho mtoni mara mbili nikarudi nacho.

Sasa unaelewa kwa nini nilimpa Erasto mkungu. Ningemwambia nini? Kijana, unamtesa mnyama kwa ajili ya kamera? Angeniuliza, na wewe mzee, yule wako yuko wapi? Asingejua anauliza nini, lakini mimi ningejua.

Sikukatazi kwenda. Nimetaka sana kukukataza, nimelala nikipanga uongo wa kukuzuia, kwamba mama yako presha imepanda, kwamba nimeota vibaya. Lakini kazi umeitafuta tangu umalize kidato cha nne, na hicho unachokijua umejifundisha peke yako, kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Uende ukijua, basi. Ukifika Nyamigogo, kabla hujawasha kitu chochote, zunguka nyuma ya nyumba yao uone kuna nini. Usiniamini mimi, mimi nimeshakudanganya vya kutosha. Angalia mwenyewe. Na akikuambia ana kibali cha pori, kiombe ukisome wewe, maana askari wa wanyamapori wakitokea hawatamtafuta bosi kwanza. Watamshika aliye na kamera, kwa sababu ushahidi wote amejirekodia. Nakuona usiku na mchana umekaa chini mbele ya bunduki, kamera shingoni, unaeleza kwamba wewe ulikuwa unapiga picha tu. Nakuona hivyo hata nikiwa nakula.

Na kuna hofu nyingine, ambayo siwezi kuitolea ushauri. Atakuambia subiri kidogo, mwanga haujakaa. Mnyama amefungwa pale, anatetemeka, na wewe unasubiri mwanga. Mara ya kwanza utaumia, nakujua, utakosa hata kula. Mara ya pili utageuza uso. Naogopa mara ya kumi, utakapokuwa unasafisha lenzi na kuzungumza habari nyingine. Nami sitakuwepo kukuona, na hata ningekuwepo, mimi niliyemaliza funo na kesho yake nikarudi kutega ningekuambia nini? Niliacha waya siku Benaco ilipofungwa na wateja wakaondoka. Sikuacha kwa sababu ya moyo mzuri. Hilo nalo sijawahi kumwambia mtu.

Video ile ni yako. Ukitaka kuifuta, ifute. Ukitaka kusimama mbele ya watu wale wote na kusema baba yangu alidanganya, sema, na uso wangu usiufiche. Najua kazi hii umeipata kwa sababu ya maneno yangu yale, na kwamba nikiyavunja huenda ninaivunja na kazi. Nimeliwaza hilo kuliko yote. Nilikuwa nimepanga kukupenyezea barua hii dirishani kesho, gari likishaanza kuondoka, ili uisomee njiani. Niliona ni busara, nisikuharibie kuaga kwako. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona busara hiyo ina sura gani. Ningerusha, halafu nikabaki nyuma.

Nimeinua kichwa sasa hivi nikakuona. Unapanda kilima na kapu la maharage kichwani, na hauko peke yako. Mama Yusta anakusindikiza. Tangu aumie hajawahi kukipanda kilima hiki, na nilidhani atakusindikiza mpaka mtoni tu na kurudi. Anaweka fimbo, anavuta mguu, anasimama. Wewe unamsubiri kila hatua, na nadhani unamwambia arudi, na naona anakataa kwa mkono. Mnacheka. Mbwa Bomu amewakimbilia, kengele yake naisikia mpaka hapa.

Miguu yangu inataka kutokea mlango wa jikoni. Nakuandikia hilo pia, ulijue.

Sitakupa barua hii kesho. Nitawasomea nyote wawili leo, mkishapumzika na kunywa maji, na mama yako nitamwita aache maandazi yake asikie. Nitaisoma yote, hata pale nilipoandika kwamba niliogopa, na nikimaliza sitatoka nje. Mtakachoniambia nitakisikia nikiwa nimekaa. Viti nimeshaviingiza sebuleni kutoka uani. Chuma nimekitoa kwenye kopo, nimekiosha, nimekiweka juu ya meza, katikati, mahali ambapo mtakiona kabla hamjakaa.

Baba yako,
Sospeta